Bustani ya Vuli Katika Bonde la Milimani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu mabonde yaliyo juu milimani, penye misimu minne, ambako majira ya joto ni mafupi na jalidi, yaani baridi kali ya usiku inayogandisha umande na majani, hubisha hodi kabla mavuno hayajaisha. Vuli inayotajwa hapa si zile mvua za vuli. Ni majira ya majani kupukutika, kati ya joto na baridi: Septemba hadi Novemba kaskazini mwa dunia, Machi hadi Mei kusini. Ukiwa jirani na ikweta, mwaka wako una mpangilio mwingine, ingawa majibu kuhusu jalidi yatakufaa.

Kwa nini bustani yangu bondeni huungua kwa jalidi wakati ya jirani, aliye juu kidogo mtelemkoni, bado ni ya kijani?

Kwa sababu hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto, na usiku hutiririka kama maji. Jua likishazama, ardhi huanza kupoteza joto lake kuelekea angani. Hewa iliyoigusa ardhi hiyo hupoa, hutelemka taratibu ikifuata makorongo na vijia, kisha hutuama mahali pa chini kabisa. Ikifika alfajiri bonde limekuwa bwawa la baridi. Juu ya bwawa hilo, katikati ya mtelemko, hubaki mkanda wa hewa yenye uvuguvugu, na jirani yako amejenga humo.

Tumezoea kwamba kadiri unavyopanda mlima ndivyo baridi inavyozidi, kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1000. Mchana ni hivyo. Usiku usio na upepo mambo hupinduka. Mfano mkali kuliko yote ninaoufahamu ni Peter Sinks, huko Utah, Marekani, bonde dogo lenye umbo la bakuli, karibu mita 2500 juu ya usawa wa bahari, lisilo na mlango wa kutolea hewa. Tarehe 1 Februari 1985 kipimajoto kilisoma nyuzi 56.3 chini ya sifuri. Kwenye kingo za bakuli hilo miti ipo. Chini kabisa hakuna mti hata mmoja.

Kwa hiyo kabla hujauliza upande nini, uliza hewa inapita wapi. Ua mnene au ukuta uliokatiza upande wa chini wa bustani huizuia baridi isiondoke. Fungua mwanya ipite. Ua huohuo ukiwa upande wa juu hufanya kazi njema, kwa kuwa huugeuza mkondo ukapita pembeni. Miaka yangu ya kwanza nilipanda maharage kwenye kipande cha chini kuliko vyote, kwa kuwa udongo wake ulikuwa mweusi na umejaa rutuba. Yaliungua kila mwaka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba udongo ule mzuri uliletwa pale na njia ileile inayoleta baridi. Sasa pale naweka kabichi na kitunguu saumu, na maharage nimeyapandisha mita chache tu juu.

Nitajuaje kwamba usiku wa leo jalidi itapiga?

Tazama mambo matatu jioni: mbingu, upepo na unyevu. Mbingu ikiwa nyeupe isiyo na wingu, upepo umekufa, na hewa ni kavu, jiandae. Mawingu ni blanketi. Hurudisha chini sehemu ya joto linalotoka ardhini. Upepo huichanganya hewa ya juu yenye joto na ile ya chini. Unyevu nao husaidia, maana umande unapofanyika huachia joto kidogo na kupunguza kasi ya kupoa. Hewa ya milimani mara nyingi ni kavu na nyepesi, ndiyo maana huku mtu huvaa shati mchana na koti zito usiku wa siku hiyohiyo.

Halafu usidanganywe na utabiri unaosema nyuzi 3. Vipimajoto vya hali ya hewa huwekwa juu ya ardhi, takriban kwenye urefu wa kifua au kichwa cha mtu. Usiku mtulivu, majani yaliyo karibu na ardhi yanaweza kuwa baridi zaidi ya hapo kwa nyuzi 3 hadi 5. Nunua vipimajoto vidogo viwili au vitatu, viweke kwenye kimo cha mimea katika pembe tofauti za bustani, na uandike unachosoma alfajiri. Baada ya vuli moja utakuwa na ramani ya baridi ya bustani yako, na hakuna utabiri utakaokupa ramani hiyo.

Kuna tarehe ya jalidi ya kwanza inayotolewa kwa eneo letu. Niifuate?

Ifuate kama dokezo. Tarehe hiyo kwa kawaida ni wastani, maana yake katika karibu nusu ya miaka jalidi hutangulia. Tena imepimwa kwenye kituo fulani, ambacho huenda kiko mtelemkoni au karibu na majengo. Katika mabonde ya juu sana, kipindi kisicho na jalidi huweza kuwa siku 90 au pungufu, na wiki mbili za makosa ni sehemu kubwa ya msimu. Bustani ya chini bondeni ijihesabie siku chache za tahadhari.

Nianze kuokoa nini?

Anza na vyote vyenye asili ya nchi za joto: nyanya, pilipili, bilinganya, maharage, matango, maboga, mahindi, viazi vitamu na rehani. Rehani haingoji hata jalidi. Majani yake huanza kuwa meusi hewa ikiwa bado juu ya sifuri. Hivi vikigandishwa mara moja vimekwisha, kwani barafu inayofanyika ndani ya majani huziharibu seli zake.

Usiziharakishe kabichi, kale (mboga ya jamii ya sukumawiki), spinachi, karoti, bitiruti na liki (jamii ya kitunguu chenye shina refu). Mimea hii huijibu baridi kwa kugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hushusha kiwango ambacho utomvu huganda. Ni kinga ya mmea, na kwetu ni utamu. Karoti iliyong'olewa baada ya jalidi kadhaa na karoti ya katikati ya majira ya joto hazifanani hata kidogo. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya jambo hili. Kama umekuwa ukivuna kale zote kabla ya baridi, mwaka huu acha japo mstari mmoja uonje.

Nifunike mimea kwa kitu gani?

Shuka kuukuu, blanketi, magunia, au kile kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia mboga. Kitambaa kizuri huongeza nyuzi 2 hadi 4 hivi, na mara nyingi hizo ndizo pekee unazozihitaji. Kifuniko hakitengenezi joto, hulinasa lile linalotoka ardhini. Hivyo lazima kishuke mpaka chini na kingo zake zikandamizwe kwa mawe au udongo. Ukikikusanya na kukifunga kwenye shina, umeliacha nje joto lote la ardhi.

Funika jua likiwa bado lipo, si saa nne usiku ukiwa na tochi, wakati ardhi imeshapoa. Plastiki inafaa ikiwa imeinuliwa kwa fito; mahali inapogusa jani, jani huungua. Na asubuhi ifunue mapema. Jua la milimani ni kali kuliko la tambarare, na chini ya plastiki hewa hupanda joto kwa dakika chache tu.

Kuna sababu ya kujisumbua hivi. Mara nyingi jalidi ya kwanza huja peke yake, kisha hufuata wiki mbili au tatu za siku za jua. Anayefunika usiku mmoja au miwili hupata nusu mwezi wa mavuno.

Ni kweli kwamba kunyunyizia maji usiku kucha huzuia jalidi?

Ni kweli, lakini kwa bustani ya nyumbani sikushauri. Gramu moja ya maji ikiganda huachia takriban kalori 80 za joto, na wakulima wa matunda hutumia kanuni hiyo kulinda maua ya miti yao. Tatizo ni kwamba gramu moja ikifanywa mvuke huchukua karibu kalori 600. Upepo mkavu ukivuma, au ukifunga maji kabla barafu haijaanza kuyeyuka yenyewe asubuhi, utaipoza mimea zaidi kuliko kama ungelala.

Njia rahisi ni kumwagilia udongo adhuhuri ya siku hiyo. Udongo wenye maji hushika joto zaidi ya udongo mkavu na hulitoa polepole usiku. Ndoo au mapipa ya maji yaliyopangwa kati ya mimea, na ukuta wa mawe ulioota jua kutwa, hufanya kazi ileile bila wewe kukesha.

Nyanya zangu bado ni za kijani. Nizitupe?

Hata moja usitupe, isipokuwa zile zilizokwisha gandishwa, kwa sababu hizo zitaoza. Chuma zilizofikia ukubwa wake, zenye ngozi inayong'aa na rangi iliyoanza kufifia kuelekea nyeupe. Zitaiva ndani ya nyumba. Ndogo, ngumu na zisizong'aa haziivi. Hizo zipike zikiwa za kijani.

Nyanya haihitaji mwanga ili iive, inahitaji joto la wastani. Kwenye nyuzi 18 hadi 21 huchukua kama wiki mbili. Kwenye 13 huchelewa zaidi, na ni jambo zuri ukitaka zikufikishe mbali. Chini ya 10 huharibika ladha, kwa hiyo usiziweke kwenye friji. Zipange safu moja bila kubanana, na uzikague kila siku mbili. Ukitaka kuziharakisha, weka tofaa au ndizi iliyoiva katikati yake. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini, ambayo ndiyo huamsha uivaji. Njia nyingine ni kung'oa mche mzima na kuutundika kichwa chini kwenye ghala lisiloganda.

Mwakani, karibu mwezi mmoja kabla ya tarehe ya jalidi, kata ncha zote zinazokua na maua yaliyobaki. Ua la nyanya huhitaji wiki 6 hadi 8 mpaka tunda liive. Ua linalofunguka vuli linakula nguvu za matunda yaliyotangulia.

Viazi na maboga nivivuneje ili vikae?

Viazi: majani yakishakufa, ngoja wiki mbili ngozi ikomae, kisha chimba siku kavu. Usivioshe. Viache mahali penye giza, hewa na ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15 kwa wiki mbili ili michubuko ipone, halafu vihamishie penye nyuzi 4 hadi 7, gizani. Vikipata mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu ya solanini. Usiviweke pamoja na matofaa, vitachipua.

Maboga: kata kabla ya jalidi kali, ukiacha kikonyo kirefu. Lisibebwe kwa kikonyo; kikivunjika, uozo umepata mlango. Yaweke penye joto siku 10 hivi ngozi ikazike, kisha penye ukavu na nyuzi 10 hadi 13.

Vuli kuna kitu cha kupanda, au ni kuvuna tu?

Kipo, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote: kitunguu saumu. Kinalipenda bonde la baridi. Punje ikikosa wiki kadhaa za baridi ardhini, mara nyingi hutoa kitunguu cha duara kisichogawanyika. Sisi tusiokosa baridi tuna bahati kwenye zao hili.

Panda wiki 4 hadi 6 kabla ardhi haijaganda. Lengo ni mizizi ishike bila majani kutoka sana. Chagua aina zenye shingo ngumu, yaani zinazotoa bua gumu katikati, ndizo zinazovumilia milima. Tenganisha punje siku ileile ya kupanda, usizimenye, chukua kubwa tu na zilizobaki zipeleke jikoni. Ncha iangalie juu, kina sentimita 5 hadi 8, umbali wa sentimita 15. Pale udongo unapotuama maji, inua tuta kwanza, kwa sababu kitunguu saumu huuawa na tope kwa wepesi kuliko na baridi. Majani machache yakichungulia kabla ya theluji usihuzunike, yataungua ncha na mmea utaendelea. Mavuno ni majira ya joto yanayofuata.

Vitunguu vya maua kama tulipu na narsisi hupandwa wakati huohuo, kwenye kina cha mara tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe. Panya huzichimba tulipu lakini narsisi huziacha, kwani zina sumu.

Nikipanda saladi na spinachi sasa, zitakua?

Inategemea mwanga kuliko joto, na watu wengi hawaliwazii hili. Mchana ukiwa na mwanga wa chini ya saa 10 kwa siku, mboga karibu husimama kukua hata ukizifunika vizuri. Kwenye bonde lililozungukwa na vilele hali ni ngumu zaidi, kwani jua huchelewa kuchomoza mlimani na huwahi kujificha. Kwa hiyo mbegu za vuli zipandwe mwishoni mwa majira ya joto, mboga zifikie karibu robo tatu ya ukubwa wake kabla ya siku hizo fupi. Baada ya hapo kifuniko hugeuka kabati la kuhifadhia, unakata kidogo kidogo. Spinachi iliyochelewa usiing'oe. Ikifunikwa na theluji hupumzika na kuamka mapema kabisa majira ya kuchipua.

Matandazo niyaweke lini?

Baadaye kuliko unavyodhani. Ukitandaza udongo ukiwa bado na joto, unawakaribisha panya na unauchelewesha mmea kulala. Ngoja ardhi ipoe kabisa, au ianze kuganda ngozi ya juu, ndipo uweke sentimita 10 hadi 15 za nyasi kavu au majani. Kinachoua milimani mara nyingi si baridi yenyewe bali kuganda na kuyeyuka kwa zamu: jua kali la mchana huulainisha udongo, usiku huganda na kuvimba, na mmea mchanga husukumwa juu mizizi ikabaki wazi. Matandazo huuweka udongo katika hali moja.

Karoti unazotaka kuzichimba katikati ya baridi zinahitaji zaidi, kama sentimita 30, na kijiti kirefu cha alama. Bila alama utazitafuta chini ya theluji mpaka uchoke.

Majani yaliyopukutika niyafanyeje?

Usiyachome. Yakatekate, yachanganye na mabaki mabichi ya bustani na samadi, ujenge lundo la mboji lisilopungua mita moja kila upande. Lundo dogo halishiki joto. Majani makavu peke yake yana kaboni nyingi mno. Uwiano mzuri ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Baridi ikizidi lundo litalala. Liache, litaendelea lenyewe.

Miti ya matunda nipogoe sasa?

Hapana, tafadhali. Kupogoa vuli huamsha machipukizi laini ambayo jalidi itayaua, na majeraha hayaponi wakati mti unalala. Ngoja mwisho wa baridi. Kata tu yaliyokufa au kuvunjika. Kwa sababu hiyohiyo, simamisha mbolea ya naitrojeni mapema, tangu mwisho wa majira ya joto.

Unachopaswa kuufanyia mti vuli ni mambo mawili. Kwanza, umwagilie kwa kina kabla ardhi haijaganda. Hewa kavu na jua la milimani huendelea kunyonya maji kwenye matawi wakati mizizi haiwezi kuyarudisha, na miti mingi inayosemekana imeuawa na baridi kwa kweli imekufa kwa kiu. Pili, linda gome. Jua la alasiri hulipasha joto, likizama gome huganda ghafla na kupasuka, hasa upande wa kusini-magharibi kwa walio kaskazini mwa ikweta, na kaskazini-magharibi kwa walio kusini. Paka shina chokaa nyeupe, na miti michanga izungushie wavu wa waya unaoingia ardhini kidogo. Panya hutafuna gome wakiwa wamejificha chini ya theluji. Wakilizunguka shina lote, mti umekufa. Matandazo yakae mbali na shina, angalau sentimita 10.

Nisafishe bustani yote iwe tupu?

Ondoa kila kilichougua, hasa nyanya na viazi vilivyopigwa na ugonjwa wa baka, na usivitie kwenye mboji. Vilivyobaki viache kwa kiasi. Nyuki wadogo hulala ndani ya mashina yenye uwazi, ndege hula mbegu, na mashina yaliyosimama hunasa theluji juu ya matuta. Tuta lililo wazi lipande rai, nafaka inayoota hata udongo ukiwa karibu na kuganda. Jamii ya kunde inahitaji kupandwa mapema zaidi.

Mpira wa maji na mabomba?

Toa maji yote kabla ya usiku wa kwanza wa kuganda sana. Maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bomba halina pa kuyaweka.

Theluji imeanguka mapema na mboga bado ziko shambani. Nifanye nini?

Ukiweza, usifanye chochote. Theluji iliyotulia imejaa hewa ndani, na huifunika ardhi vizuri kuliko kitambaa chochote. Nilikuwa nikiifagia kwa hofu, mpaka mwaka mmoja usiku mkali ulipokuja baada tu ya kufagia, nikapoteza spinachi zote za upande niliousafisha. Za upande niliokuwa sijaufikia zilipona. Yatikise tu matawi ya miti yaliyolemewa, ukiyasukuma kutoka chini kwenda juu, maana yakiwa yamepoa ni mepesi kuvunjika. Kale ikiwa imeganda usiikate asubuhi. Ngoja iyeyuke yenyewe juani mpaka majani yasimame tena, ndipo uende na kisu.